Mahali pa Kumpeleka Shangazi Perina Kula

Zagreb, 2 Oktoba 2011

Shangazi Perina mpendwa,

Salamu za kwanza ni zako, za pili ni za goti lako la kushoto, ambalo natumaini limetulia baada ya ile mvua. Mimi mzima. Chumba changu bado kina baridi, mwenye nyumba bado anasema joto litawashwa wiki ijayo, na tasnifu yangu imesimama kwenye sura ya tatu, palepale ilipokuwa kiangazi uliponiuliza, "Hivi kweli mtu anaweza kuandika kurasa mia mbili juu ya ahadi?" Anaweza, Shangazi. Kazi ni kuzimaliza.

Ningekupigia simu, lakini najua kwako simu ni ya misiba tu, na hili si msiba. Ni Jurek.

Jina lake nimekutajia mara tatu kiangazi hiki, na mara zote tatu ulinyanyuka kwenda kuangalia kama mlango wa nyuma umefungwa. Sasa naliandika ili likukute umekaa. Jurek anataka tuoane, nami nimekubali. Nilifikiri siku tisa kabla ya kujibu. Siku zote tisa alikuja kuningoja jioni kwenye ngazi za maktaba ninakofanyia kazi, akanisindikiza nyumbani, wala hakuniuliza hata mara moja nimefikia wapi. Siku ya kumi nikaona kwamba nilikuwa natafuta jibu kichwani na lenyewe limekaa pale kwenye ngazi.

Tatizo ni mama yake. Mama Štefica ni mjane, anaishi kijijini Zagorje, mwendo wa saa moja kaskazini ya hapa, na ana neno moja tu: hakuna pete wala padri mpaka familia mbili zile meza moja. "Nataka kumwona aliyekulea anavyoshika uma," aliniambia. Na mimi, Shangazi, tangu baba na mama walipofariki nikiwa na miaka saba, familia yangu yote ni wewe. Hakuna mwingine ninayeweza kumkalisha kwenye kiti kile. Usipokuja, kitabaki kitupu, na Mama Štefica si mtu wa kukubali kiti kitupu.

Tumepatana tukutane hapa Zagreb, mgahawani, mahali panapopikwa chakula cha kwetu. Niambie tu unataka kula nini. Nitatafuta.

Mpwa wako,
Zorana


Split, 19 Oktoba 2011

Zorana mwanangu,

Barua yako ilifika mapema, lakini jugo lilikuwa linavuma, na unajua mimi siandiki wala sisaini kitu jugo likivuma. Upepo ule unamfanya mtu akubali mambo. Limevuma siku kumi na moja.

Goti linakusalimu, limevimba. Jirani Filomena anakusalimu. Bado anapigana na manispaa juu ya mtaro unaomwaga maji mlangoni kwake. Nimemwandikia barua ya tano, kali kuliko zote, wamejibu kwamba mtaro huo haumo kwenye ramani. Sasa naandika ya sita kuwaalika waje na ramani yao waikanyagie ndani ya maji. Paka wa ghorofani amezaa kwenye kikapu changu cha nguo.

Hayo mengine uliyoandika nimeyasoma.

Zagreb mimi sijafika tangu nilipostaafu ofisi ya bandari, na sikusahau kitu huko. Na chakula chao! Watu wanaokausha chapati mpaka inakuwa kigae, halafu wanaimwagia maji ya moto ilainike upya, halafu wanailaza chini ya bata mzinga na kusema ni sikukuu. Kwa nini wasiiache laini tangu mwanzo? Muulize huyo Jurek. Kama ana jibu, nitamheshimu.

Lakini sitaki ukasema shangazi yako mkaidi. Nitafutie mahali pamoja, katika Zagreb nzima, wanapopika pašticada inavyopaswa. Unaijua. Umeila kwetu kila Krismasi na kila Pasaka: nyama inakatika kwa uma, mchuzi mweusi unaong'aa, utamu na ukali vinasukumana na hakuna anayeshinda. Ukipata, napanda basi. Usipopata, basi ujue si mimi niliyekataa. Ni Zagreb.

Vaa soksi mbili.

Shangazi yako


Zagreb, 13 Novemba 2011

Shangazi mpendwa,

Joto limewashwa, soksi nimevua moja. Mpe pole Filomena kwa mtaro wake. Jurek anasema chapati zile hukaushwa ili zinyonye mafuta ya bata, na kwamba laini isingenyonya. Ameniomba nikuandikie hivyo kwa heshima.

Nimezunguka. Nina daftari lenye mistari: rangi, nyama, mchuzi, mengineyo. Jurek anasema daftari hili limesonga mbele kuliko tasnifu, na ni kweli.

Wa kwanza ni mgahawa karibu na kanisa kuu, wenye picha za vyakula mlangoni. Mchuzi ulikuwa mwekundu. Shangazi, mwekundu. Nilimwita mhudumu.

"Kaka, hii ndiyo pašticada?"

"Ndiyo, dada."

"Mbona nyekundu?"

"Ni ya jadi."

"Jadi ya wapi?"

"Ya hapa."

"Hapa Zagreb?"

"Hapa jikoni."

Jurek alikula ya kwake na ya kwangu, kisha akasema haikuwa nzuri.

Wa pili uko mji wa juu, vitambaa vyeupe, mhudumu mwenye glavu. Walileta kipande kimoja cha nyama, chembamba kama kadi ya daktari, na madonge matatu ya viazi yaliyokaa mbalimbali kama watu waliogombana. Jurek aliinua jani la saladi kuangalia kama iliyobaki iko chini yake.

Wa tatu, mwenyewe ni mtu wa kwetu, kutoka visiwani. Aliposikia lafudhi yangu machozi yalimlengalenga. "Pašticada haipikiwi watu wawili, mwanangu," akasema. "Leta watu kumi na watano." Nikamwambia tutakuwa wanne. "Basi zaeni kwanza," akasema, akatuletea supu ya samaki, akakaa nasi saa mbili akituhadithia kesi ya shamba la babu yake.

Ipo mingine minne kwenye daftari. Sikuchoshi nayo. Lakini katika ule wa mwisho niligundua jambo na nakuandikia kwa sababu sijui kulinyamazia: nilikuwa natafuna huku naogopa isije ikawa nzuri. Ikiwa nzuri, Shangazi, nina hofu utatafuta sababu nyingine.

Jambo jingine. Maktaba imenipa siku mbili tu za Krismasi, na basi la Split linakula siku nzima kwenda na nzima kurudi. Mama Štefica amenialika kijijini. Sijajibu. Ukisema nije nyumbani, nitakuja.

Zorana


Split, 22 Desemba 2011
(imebandikwa kwenye kifuniko cha sufuria)

Nenda kwao. Usiende mikono mitupu, wakasema umeokotwa. Hii ni pašticada. Dereva mwenye masharubu ameahidi haitapinduka, nami nimemwahidi kwamba ikipinduka mkurugenzi wake atapata barua yangu. Ipashe moto polepole, usiichemshe. Sufuria nairudisha kwa mtu, yaani nairudisha kabatini, kwa hiyo usiipoteze.

Jugo linavuma, sisaini.


Zagreb, 8 Januari 2012

Shangazi mpendwa,

Heri ya mwaka mpya, na samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa natafuta namna ya kuisimulia Krismasi bila kuiongeza chumvi.

Mama Štefica ni mfupi, anatembea kama mtu anayefukuza bata, na mikono yake ina unga hata akitoka kanisani. Hutandaza unga wa štrukli juu ya meza nzima mpaka unaziona mbao kupitia humo, anaujaza jibini, anaukunja, na muda wote anasema. Hakuwa amenyamaza tangu nilipovua koti. Nikafungua sufuria yako.

"Hii ndiyo ile ya kwenu?"

"Ndiyo, mama."

"Nyeusi."

"Ndiyo, mama."

"Imeungua?"

"Mama!" Jurek akasema.

"Nauliza tu. Mtu haulizi?"

Akaonja. Akaweka kijiko chini. Akatoka nje kuwaangalia kuku, katika theluji, bila koti. Aliporudi alijipakulia sahani nzima akala amesimama, ametupa mgongo. Kisha akasema, bado ametupa mgongo: "Shangazi yako amepika hii mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Hakusaidiwa?"

"Anafunga mlango wa jikoni, mama. Hata mimi haniruhusu kuingia."

"Basi mgahawa wa nini? Aje apike hapa. Jiko langu, mbele ya macho yangu. Mimi štrukli, yeye hii. Jumapili baada ya Pasaka, kisha tuzungumze ya pete."

Shangazi, umeshinda bila kupanda basi! Kuna kitu kimoja tu. Jurek anasema tangu siku ile mama yake hacheki. Wiki hii ametengeneza štrukli mara nne, mara zote nne amesema si zenyewe, akawamwagia kuku. Sijui maana yake. Labda ni furaha ya watu wa huku.

Njoo siku tatu kabla, uwe na nafasi.

Zorana wako mwenye fahari


Split, 2 Februari 2012

Zorana,

Bura inavuma, baridi imepasua bomba la Filomena, mkono wangu wa kulia unauma. Ndiyo maana barua ni fupi.

Mgeni hapiki. Kwa watu gani mgeni anapanda basi siku nzima ili akafungiwe jikoni kwa watu asiowajua? Mwambie huyo mama kwamba kwetu mgeni hukaa, huletewa. Turudi kwenye mgahawa kama mlivyopanga. Kama Zagreb haijui kupika, nawapa maelezo, mpe mpishi yeyote mwenye akili.

Nyama ya paja la ng'ombe, kilo mbili. Itobolewe kwa kisu, kila tundu liingie kitunguu saumu, karafuu na kipande cha mafuta ya nguruwe. Ikaangwe pande zote. Vitunguu vingi, karoti, mzizi wa seleri. Nyanya kidogo sana, kwa rangi ya chini. Mvinyo mwekundu, kisha mvinyo mtamu. Plamu kavu, kiganja kimoja. Kungumanga. Moto mdogo saa nne. Nyama ikatwe vipande, mchuzi upitishwe kwenye chujio, vyote virudi sufuriani.

Najua wanawake wa huku wakitoa maelezo ya pašticada huacha kitu kimoja, ili ya mwenzake isije ikafikia ya kwake. Mimi sijaacha kitu. Nimekuandikia yote ninayoyajua.

Shangazi


Zagreb, 11 Machi 2012

Shangazi mpendwa,

Natumaini mkono umepona na bomba la Filomena limezibwa. Mimi mzima wa mwili.

Nyuma ya soko la Dolac kuna mzee, Vinko, mzaliwa wa Trogir, pwani ya kwetu, anayewapikia chakula cha mchana wanawake wanaouza mboga. Nilimpelekea karatasi yako. Akaisoma mara mbili, akaigeuza kuangalia kama kuna maandishi nyuma.

"Shangazi yako ni mtu wa wapi?"

"Split. Mtaa wa Varoš."

"Mnagombana?"

"Hapana! Kwa nini?"

"Siki iko wapi?"

Nikamwambia kwamba kila mwanamke huacha kitu kimoja, lakini shangazi yangu ameandika kwamba hakuacha, na kama ameandika ni kweli. Nikamlazimisha apike ilivyo. Alipika, maskini, huku anatikisa kichwa. Nyama ilikuwa kama soli. Mchuzi ulikuwa jamu.

"Sikiliza, binti," Mzee Vinko akasema. "Anayeficha huficha kidogo. Chembe ya kitu. Mama yangu alificha tini mbili kavu, akazikwa nazo. Lakini nyama hulala kwenye siki usiku mzima kabla haijaona moto, hilo hata paka wa kwetu Dalmatia analijua. Hakuna anayeficha usiku mzima. Shangazi yako hajaficha. Hajui."

Nilimkasirikia, Shangazi. Nikaondoka bila kuaga. Lakini tramu ilikuwa na foleni mbele yake, na mimi nikiachwa peke yangu na kichwa changu unajua kinavyofanya. Nikakumbuka kwamba kila mkesha wa sikukuu ulinituma kanisani saa mbili kabla ya misa, kuwahi kiti. Nikakumbuka kwamba harufu ya pašticada siku zote iliingia nyumbani kwetu kwa dirisha. Nikakumbuka kwamba kabati letu halijawahi kuwa na sufuria kubwa. Nilipofika chumbani niliigeuza ile ya basi. Chini yake pamekwaruzwa herufi F kwa msumari.

Sikuulizi nani alipika. Sihitaji uniambie. Nauliza lile nililouliza Oktoba, ambalo umelijibu kwa upepo, kwa goti, kwa mkono na kwa bata mzinga: utakuja? Nyama inaweza kuwa ya yeyote. Kile kiti hakiwezi. Jumapili ile ni tarehe kumi na tano Aprili, na usipokuja sitajua kama ni aibu ya sufuria au kwamba hutaki niolewe, na nikishindwa kujua nitaendelea kuuliza moyoni maisha yangu yote, unanijua.

Zorana


Split, 30 Machi 2012

Zorana mwanangu,

Jugo halivumi. Bura haivumi. Mkono mzima, goti zima, paka wote wamepata wenyewe. Nimekaa siku kumi nikingoja kisingizio, hakikuja.

Ni Filomena.

Mwaka ule ulipoletwa kwangu nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, natoka ofisini, nakula yai. Ulikaa chini ya meza siku nne ukiwa umevaa viatu. Hukula kitu. Siku ya tano ikawa Krismasi, Filomena akapitisha sahani juu ya ukuta. Ukatoka chini ya meza, ukala, ukalamba uma, ukaniuliza, "Umepika wewe?" Nikasema ndiyo.

Ni neno dogo. Nilidhani nitalirekebisha Pasaka. Pasaka ukawaambia watoto wote wa mtaa kwamba pašticada ya shangazi yako inaishinda ya mama zao. Ningefanya nini? Nikuambie una miaka minane? Ulipofika kumi na miwili ulishaandika insha shuleni, mwalimu akanisimamisha barabarani kunipongeza. Filomena akawa anapika, mimi nikawa namwandikia barua zake: za manispaa, za pensheni, za mwanawe aliyeko Australia. Miaka ishirini na miwili tumeishi hivyo, tumbo lako kwake na mtaro wake kwangu. Maelezo yale niliyaandika kwa ulimi. Kila nilichowahi kukionja mle nilikiandika. Siki, mwanangu, haionjeki. Inaondoka.

Nilimsomea barua yako. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Nilipofika kwenye siki akaacha kucheka. "Perina! Umeniaibisha mpaka Zagreb!" Sasa anasema atakuja na mimi, aingie kwa huyo mama kwa mlango wa nyuma, apike, atoke kabla ya supu. Nimemwambia, Filomena, una kilo mia na kumi, wewe hutoki mahali bila watu kujua.

Unasema sitaki uolewe. Nilipolisikia jina la huyo kijana mara ya kwanza nilikwenda kweli kuangalia mlango wa nyuma. Ulikuwa umefungwa. Nilisimama pale kwa muda. Hayo ndiyo yote nitakayosema.

Kuja siwezi. Yule mama anataka kuiona mikono yangu, na mikono hii inajua kupiga chapa. Mwambie naumwa. Chagua ugonjwa unaoupenda.

Perina


Zagreb, 3 Aprili 2012

Shangazi,

Sichagui ugonjwa.

Barua yako nimeisoma kwenye ngazi za maktaba, Jurek akanipa leso yake, na akaniuliza kama ni msiba. Nikamwambia ni siki. Kumbe siku zile chini ya meza nilikuwa nazikumbuka, ila nilidhani ni ndoto.

Sikukasirika. Nilikasirika nusu saa.

Jiko la Mama Štefica nimelifuta. Nilimwambia kwamba kwetu mgeni hapiki, nikajiandaa kwa ugomvi. Akajibu "Vizuri" kabla sijamaliza sentensi, akakata simu. Kwa hiyo tunarudi mgahawani, na mgahawa nimeshauchagua, meza ya watu wanne, tarehe kumi na tano saa saba mchana: ule wa kwanza. Ule mwekundu.

Hujasoma vibaya. Nimekaa na daftari langu wiki tatu, na nimeona kwamba nilikuwa natafuta kinyume. Tukienda mahali pazuri, mmoja wenu atashinda na mwingine ataumia. Tukienda mahali pabaya kabisa, nyote wawili mtakuwa mmekosewa. Wewe hutahitaji kupika. Utahitaji kulaumu, na kwa hilo nakuamini.

Akikuuliza, utamjibu utakavyo. Mimi sitasema badala yako. Ila akiniuliza mimi, safari hii sitasema "mwenyewe".

Jurek atakungoja kituoni Jumamosi. Basi lina ngazi tatu tu, amekwenda kuzihesabu.

Zorana


Split, 20 Aprili 2012

Zorana mwanangu,

Nimefika salama. Dereva alikuwa yule mwenye masharubu, aliniogopa njia nzima. Filomena amekuja kuniuliza habari kabla sijavua kofia, na manispaa wameleta watu wawili kuupima mtaro, ambao sasa wanadai ni mrefu mno.

Ulikuwepo mwanzoni, kwa hiyo sikusimulii namna huyo mama alivyonitazama ninavyoshika uma, wala namna mchuzi ule ulivyoshuka mezani kama rangi ya mlango. Ulimwona akiisukuma sahani yake. Ulimwona mhudumu akiichukua na kupotea nayo, na wewe na Jurek mkanyanyuka kumtafuta. Mlikaa huko robo saa. Ninakuandikia hiyo robo saa.

Kwanza huyo mama aliivuta sahani yangu karibu yake. Kisha akainama kwangu.

"Bi Perina, hii ni nini?"

"Ni dharau," nikasema.

"Mimi si mtu wa kwenu, siijui vizuri. Imekosa nini?"

"Bora uniulize imepata nini. Haijalala kwenye siki hata dakika. Hii imetoka buchani ikaingia kwenye nyanya bila kupumzika."

Nilisema kwa sauti ya mtu aliyezaliwa ndani ya siki. Akatikisa kichwa kwa heshima kubwa.

"Na wewe," akasema, "huilaza usiku mmoja au miwili?"

Hapo ndipo ilipokuwa, mwanangu. Ningesema miwili, ingepita. Naijua kazi hiyo, nimeifanya miaka ishirini na miwili. Lakini koti lako lilikuwa limening'inia kwenye kiti kando yangu, mkono wake mmoja umegeuka nje kama unavyoyavua siku zote, tangu mtoto, na mimi ndiye niliyekuwa nayageuza kila asubuhi kabla ya shule. Hilo nililifanya mwenyewe. Nikaona nina kitu cha kweli cha kukaa nacho mezani pale.

"Sijui," nikasema. "Sijawahi kuilaza. Anapika jirani. Mimi naweza kuchemsha yai, na mara nyingine linapasuka."

Akajivuta nyuma kidogo. "Na ile ya Krismasi?"

"Jirani."

"Na huyu mtoto, nani alimlea?"

"Mimi."

"Kwa mayai?"

"Kwa mayai, samaki wa kopo na jirani."

Akafanya ishara ya msalaba. Nikadhani, basi, Perina, umemharibia. Nikaanza kuutafuta mkoba wangu miguuni. Kumbe mwenzangu amefunika uso kwa leso na mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, Zorana, analia kwa kucheka, mezani ananipiga piga mkono na kile kiganja chake cha unga.

"Mungu akubariki!" akasema. "Tangu Krismasi sijalala. Nilisema, huyu mwanamke atakuja harusini na hiyo sufuria yake nyeusi, kijiji kizima kitaonja, halafu mimi nitaishi miaka iliyobaki nikiulizwa kwa nini štrukli zangu haziko hivyo. Nimepika mpaka kuku wamekataa kutaga. Nilimwomba mtakatifu wangu uugue kidogo. Si sana! Mafua tu."

"Mimi nilikuwa najiombea hilohilo," nikasema.

"Kwa hiyo hutakuja na sufuria?"

"Sina sufuria."

"Apa."

"Naapa. Lakini jirani yangu Filomena lazima aalikwe."

Akafikiri. "Ni yeye mwenye mkono ule?"

"Ni yeye."

"Aje. Nitamweka mbali na jiko, katikati ya watu wanene, asiweze kunyanyuka."

Baada ya hapo alizungumza, nami nikazungumza, na nadhani sisi wawili tulimaliza mkate wote. Kuna mengi mengine tuliyosema juu yako na juu ya kijana wake ambayo hayakuhusu. Kijana ni mzuri. Kwenye kituo cha basi alinishika kiwiko bila kunivuta, na watu wanaojua kushika kiwiko bila kuvuta ni wachache.

Mliporudi mmemkamata mhudumu mkatukuta tumekumbatiana, ukauliza, "Kuna nini?" na sote tukasema, "Hakuna kitu." Kulikuwa na kitu. Mama Štefica alikuwa na kalenda ya parokia kwenye mkoba wake, tukaifungua kati ya sahani. Mei imejaa, Julai joto, na Agosti Filomena hasafiri. Tukapata Jumamosi tarehe tisa Juni, saa sita mchana, kanisani kwao. Padri wake alipigiwa simu Jumatatu, amekubali. Bata mzinga wameshachaguliwa.

Mwambie na Jurek.

Shangazi yako,
Perina